Abiria wa Nauli Rahisi

Msomaji wangu, ikiwa umepata kusimama kituoni jioni ya mvua ukingoja gari la kukurudisha nyumbani, basi umekwisha kujifunza nusu nzima ya biashara nitakayokueleza hapa. Asubuhi, jua likiwaka, utingo alikuita kwa adabu, akakupangusia kiti, akakutoza shilingi hamsini. Jioni, mawingu yalipofunga na watu wakajaa barazani mwa maduka, utingo yule yule, mlangoni mwa gari lile lile, alitangaza mia, wala hakumbembeleza mtu. Njia haikurefuka. Petroli haikupanda bei kati ya asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni haja yako, naye aliiona usoni mwako. Ulinung'unika, ukalipa, ukapanda.

Kampuni za ndege za nauli rahisi hufanya vivyo hivyo, ila hazina haja ya kukutazama usoni. Mashine zao za hesabu huangalia siku zilizosalia kabla ya safari na viti vilivyosalia ndani ya ndege, zikapanga bei. Anayenunua tikiti miezi miwili mbele aghalabu hulipa kidogo. Anayenunua leo kwa kuwa amefiwa na shangazi yake jana huenda akalipa mara mbili au tatu ya jirani atakayeketi naye bega kwa bega. Watu wengi huuona mtindo huu kuwa ni wizi. Mimi siuoni hivyo, na sababu yangu nitaieleza. Lakini yako mambo mengine katika biashara hii ambayo naona yamevuka mpaka, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Yafaa kwanza ujue kwamba nilipokuwa mtoto ndege ilikuwa kitu cha kupungiwa mkono. Ilipopita juu ya shamba letu tuliacha majembe tukapiga kelele, tukiamini kwamba watu waliomo walituona. Nilisoma hata chuo cha ualimu bila kumjua mwalimu hata mmoja aliyepata kupanda ndege. Mimi mwenyewe niliipanda mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 29, nimekwisha kufundisha miaka sita, na sikuipanda kwa kuwa nilitajirika. Niliipanda kwa kuwa nauli ilikuwa imeshuka mpaka ikamfikia mtu wa mshahara wangu. Kwa hiyo nikizilaumu kampuni hizi, nazilaumu kama mtu aliyekula kwao, na mwenye njaa iliyotulizwa hapaswi kusahau mkono uliomtuliza.

Nani aliyeishusha nauli hiyo? Huko Marekani, katika jimbo la Texas, kampuni iitwayo Southwest ilianza kuruka mwezi wa Juni 1971 ikihudumia miji mitatu tu. Mwaka uliofuata fedha ziliipungukia, ikalazimika kuuza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo. Mtu wa kawaida angesema: ndege zimepungua, basi na safari zipungue. Wao hawakukubali. Walipiga hesabu wakaona kwamba ndege tatu zaweza kufanya kazi ya ndege nne, mradi kila moja isikae chini zaidi ya dakika kumi tangu kutua hata kuondoka. Katika dakika hizo kumi abiria walishuka, mizigo ikateremshwa, wengine wakapanda, na mlango ukafungwa. Huko Uingereza naye, Freddie Laker alianzisha safari aliyoiita Skytrain tarehe 26 Septemba 1977, kutoka London hadi New York kwa pauni 59. Tikiti ziliuzwa siku ile ile ya safari, aliyetangulia foleni ndiye aliyepata kiti, na chakula kililipiwa mbali. Kampuni ya Laker ilifilisika Februari 1982, lakini wazo lake halikuzikwa pamoja nayo. Katika mwaka 1985 kampuni ya Ryanair ya Ireland ilianza na ndege ndogo ya watu 15, nayo leo hubeba abiria wengi kuliko shirika lolote jingine barani Ulaya.

Hapa kwetu wazo hilo lilichelewa kidogo. Mwezi wa Aprili 2014 Jambojet, kampuni iliyozaliwa na Kenya Airways, ilianza safari kati ya Nairobi na Mombasa, ikatangaza nauli ya kuanzia shilingi 2,850. Litazame vizuri neno hilo "kuanzia", maana tutarudi kwake. Hata hivyo bei hiyo, ingawa ilikuwa juu ya nauli ya basi, haikuwa juu yake kwa umbali wa kumkatisha mtu tamaa. Walimu, makarani, wachuuzi wa nguo na wanafunzi wa vyuo walianza kuonekana katika viwanja vya ndege, wengine wakiwa na viatu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini siuiti wizi ule mtindo wa bei kupanda na kushuka. Kiti cha ndege ni kama samaki wa mchuuzi asiye na barafu. Leo asubuhi samaki yule ana thamani, kesho hana. Ndege ikisharuka na kiti kitupu, kiti hicho hakiwezi kuuzwa tena hata milele, ilhali mafuta yamechomwa, rubani amelipwa, na ada ya kutua itadaiwa. Ndiyo maana ni heri kwa kampuni kumwuzia mtu kiti kwa bei ndogo mapema kuliko kukibeba kitupu. Anayenunua mapema huisaidia kampuni kujua hali yake, naye hupata malipo ya subira. Anayenunua kwa kuchelewa hulipia ule uhuru wa kutopanga. Twaweza kuupenda mpango huu au kuuchukia, lakini hakuna anayedanganywa ndani yake, kwa maana bei imeandikwa na kila mtu aweza kuikataa.

Sehemu ya pili ya biashara hii ni kuitenga safari vipande vipande. Zamani tikiti ilikuwa kama sinia la pilau: wali, nyama, kachumbari na sharubati vilikuja pamoja, ukitaka usitake. Kampuni za nauli rahisi huuza wali mtupu. Anayetaka nyama huongeza fedha. Begi la kuwekwa tumboni mwa ndege lina bei yake, kiti cha dirishani kina bei yake, maji yana bei yake, na kubadili siku ya safari kuna bei yake. Hili nalo, kwa maoni yangu, ni haki. Mimi husafiri na shati mbili na kitabu; kwa nini nilipie sanduku la mwenzangu? Tena ndege nzito huchoma mafuta mengi kuliko ndege nyepesi, na mwenye mzigo ndiye aliyeongeza uzito huo.

Nimewaona abiria wenzangu wakifanya vituko mbele ya mizani. Nilimwona bwana mmoja, mnene wa heshima, akivaa makoti matatu kwa mpigo mjini Mombasa, mchana wa Februari, ili begi lake lishuke kilo mbili. Jasho lilimtiririka mpaka nikamwonea huruma. Mtu kama huyu amekubali masharti ya mchezo naye anaucheza kwa bidii yake yote. Sina ugomvi naye.

Lakini siku nyingine, katika foleni kama hiyo, alisimama mbele yangu bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, mwenye kikapu kilichoshonwa mdomo kwa kamba na begi la zipu lililofura. Tikiti alinunuliwa na mjukuu wake aliyeko Nairobi, kwa simu ya mkononi, na mjukuu, kama vijana wote, alibonyeza bei ya chini kuliko zote. Bei hiyo haikuwa na mzigo. Msichana wa kaunta alipima, akasoma, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Nyanya, mzigo huu haukulipiwa." Bibi akajibu, "Mwanangu, nilipiwa kila kitu. Mjukuu wangu ameniambia nije tu." Fedha alizotakiwa kuongeza zilizidi nusu ya nauli yenyewe, kwa maana mzigo unaolipiwa pale kiwanjani aghalabu ni ghali kuliko ule uliolipiwa mapema. Bibi alifungua pindo la leso yake akahesabu. Hazikutosha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wenye kuandika juu ya biashara hulipita haraka. Katika nchi yetu anayenunua tikiti na anayesafiri mara nyingi ni watu wawili. Mtoto humnunulia mzazi, kaka humnunulia ndugu, chama cha akina mama humnunulia mgonjwa. Masharti husomwa na mmoja, tena kwa haraka, na hukumu yake humwangukia mwingine. Kampuni yaweza kusema, na itakuwa imesema kweli, kwamba masharti yaliandikwa. Yaliandikwa kwa nani?

Msichana yule wa kaunta alitoka nyuma ya meza yake. Alimwomba mwenzake ashike foleni, akamketisha bibi pembeni, wakafungua begi pamoja. Vitu vizito, yaani chupa ya asali na vitenge viwili, vilikuwa ndani ya begi. Katika kikapu, ambacho aliruhusiwa kuingia nacho ndani ya ndege, mlikuwa na mahamri na nguo za mtoto, vitu vyepesi. Asali, kwa kuwa ni kitu cha majimaji, ilimbidi bibi amwachie mpwa wake aliyemsindikiza. Vitenge alivivaa kiunoni kimoja juu ya kingine, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani angeliona kuwa la ajabu. Mahamri yalihamia kwenye mfuko wa plastiki... la, nakosea, mifuko ya plastiki ilikwisha pigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017. Yalihamia kwenye mfuko wa nguo. Yaliyobaki yalienea kikapuni, na begi tupu likakunjwa. Kazi yote ilichukua dakika zisizofika saba. Bibi hakulipa hata senti, na kampuni haikupoteza hata senti, kwa sababu hakuna sharti lililovunjwa. Nilimwuliza msichana yule kama alifundishwa kufanya hivyo. Akacheka akasema, "Mwalimu, hilo halimo kitabuni, lakini halikatazwi."

Nataka uliweke tukio hilo moyoni, msomaji, halafu ulilinganishe na hili ninalolisimulia sasa.

Nilikuwa katika kiwanja cha mji mmoja wa magharibi mwa nchi, nikirudi Nairobi. Ndege yetu ilitakiwa kuondoka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja ilipofika hapakuwa na ndege uwanjani, lakini ubao wa taa ulisema kwamba safari iko kwa wakati wake. Saa kumi na mbili ikafika; ubao ukasema vile vile. Tulitazama nje kupitia kioo: lami tupu, na mfanyakazi mmoja akifagia. Wahudumu wawili waliokuwa mlangoni walipoulizwa walijibu, "Subirini kidogo." Neno hilo "kidogo" lilirudiwa mpaka likapoteza maana yake yote.

Kando yangu aliketi dada mmoja wa umri wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akisafiri kwenda kazini katika nchi moja ya Ghuba. Ndege yake ya pili, ya shirika jingine na kwa tikiti nyingine, ilitakiwa kuondoka Nairobi usiku ule ule. Alikuwa amepanga nafasi ya kutosha, ya saa tano na zaidi, wala hakuna mtu mwenye akili angemwita mzembe. Saa moja usiku ndege ya kampuni nyingine ilitua, ikapakia, ikaondoka kwenda Nairobi mbele ya macho yetu. Baadaye tulisikia kwamba ilikuwa na viti vitupu. Dada yule aliitazama ikipanda hewani. Laiti angaliambiwa kweli saa kumi na mbili, angaliweza kununua kiti humo. Alikuwa nazo fedha. Zilikuwa za kuanzia maisha ugenini, lakini alikuwa nazo. Hakuambiwa. Saa tatu usiku alikuja mtu na karatasi, akasoma kwamba safari imefutwa kwa sababu za kiufundi, na kwamba kila mmoja atarudishiwa nauli yake au atapelekwa kesho.

Ulizuka ukelele mkubwa. Wanaume wenye tai waliwatukana wale wahudumu wawili matusi ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha vijana. Nami nasema wazi kwamba hilo lilikuwa aibu yetu sisi abiria. Wahudumu wale hawakuiharibu ndege, wala hawakuifuta safari, na kwa hali waliyokuwa nayo naamini hawakujua zaidi ya tulivyojua sisi. Dada wa Ghuba hakutukana mtu. Aliomba barua tu, karatasi yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba safari ilifutwa, ili amwonyeshe wakala wake. Aliambiwa ofisi imefungwa. Asubuhi sote tulitawanyika, na kama kazi yake ilimngoja au haikumngoja sikupata kujua.

Sasa tuipime hasara hiyo kwa mizani ya haki, bila hasira. Ndege kuharibika si kosa. Heri ndege inayokaa chini kuliko inayoruka na ubovu. Tena kuchelewa ni ugonjwa unaoenea kwa urahisi katika kampuni za namna hii, na sababu yake ni zile zile dakika kumi za Texas. Ndege itakayokuchukua jioni imekwisha kwenda na kurudi tangu alfajiri. Ukungu ukitanda asubuhi ya Julai ukaichelewesha dakika arobaini, dakika hizo hubebwa kutoka mji hadi mji kama deni, na huenda zikazaa nyingine njiani, mpaka zikamfikia abiria wa jioni aliye chini ya anga safi, asiyeelewa kwa nini achelewe ilhali hakuna hata wingu. Shirika kubwa laweza kuwa na ndege ya akiba. Kampuni ya nauli rahisi kwa kawaida haina, maana ndege inayokaa bila kazi ndiyo hasa gharama waliyoiondoa ili wewe na mimi tupate kupanda. Vivyo hivyo tikiti mbili za mashirika mbalimbali hazishikani mikono. La kwanza likichelewa, la pili halikungoji, wala la kwanza halikulipi hasara ya la pili. Hayo yote ni sehemu ya urahisi wa nauli, na anayeifurahia nauli sharti ayajue.

Lakini ukimya wa saa nne, je? Huo uliondoa gharama gani? Kutamka kwamba ndege imeharibika hakuchomi mafuta. Kuandika barua yenye muhuri hakuhitaji rubani. Ubao uliosema "kwa wakati" saa moja baada ya wakati kupita ulitumia umeme ule ule ambao ungetumika kusema kweli. Hapa kampuni haikumpunguzia abiria starehe ili impunguzie bei. Ilimnyang'anya nafasi ya kujiokoa, na haikupata faida yoyote kwa kumnyang'anya. Au pengine ilipata: abiria asiyejua hakimbilii kwa mshindani. Ikiwa hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu, basi ni hesabu chafu.

Wako watakaokwambia kwamba aliyelipa kidogo hana haki ya kudai mengi. Neno hili lina ladha ya ukweli, ndiyo maana lafaa kuchunguzwa, na huko Ulaya lilichunguzwa mahakamani. Mwezi wa Aprili 2010 volkeno ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilimwaga majivu angani, na ndege za nchi nyingi zikazuiwa kuruka. Mwanamke mmoja alikuwa amenunua tikiti ya Ryanair kutoka Faro, nchini Ureno, kwenda Dublin kwa yuro 98. Safari yake ya tarehe 17 ilifutwa, akakaa wiki moja kabla ya kuweza kurudi, akitumia zaidi ya yuro 1,100 kwa malazi, chakula na usafiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Februari 2005, yasema kwamba abiria aliyefutiwa safari apewe chakula, mahali pa kulala, na njia ya kuwasiliana na watu wake. Je, sheria hiyo ina nguvu hata kwa jambo kubwa kama volkeno? Na je, ina nguvu ilhali gharama ya kumtunza abiria imezidi nauli yake zaidi ya mara kumi?

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu tarehe 31 Januari 2013. Ilisema kwamba abiria haidai kampuni fidia kwa ajili ya volkeno, kwa maana hakuna aliyeiwasha, lakini deni la kumtunza halifutiki, wala halina kikomo cha siku au cha fedha, mradi matumizi yawe ya lazima na ya kadiri. Yuro 98 zilinunua kiti rahisi. Hazikumfanya aliyekikalia kuwa mtu rahisi. Tumbo lake lilikuwa na njaa ile ile ya tumbo la tajiri, na usiku wake ulikuwa na baridi ile ile.

Hapa kwetu hatuna hukumu kama hiyo ninayoweza kukuonyesha, lakini msingi wake tunao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na huduma hiyo, haki ya kulindwa afya, usalama na mali yake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Soma kifungu hicho kama una nakala ya Katiba shuleni, ni kifupi. Utaona kwamba neno "habari" limo ndani yake, na kwamba halikuwekewa kiwango cha nauli.

Nao wenye kampuni hujifunza, ingawa polepole. Kwa miaka mingi Michael O'Leary, mkuu wa Ryanair tangu mwaka 1994, alijipatia sifa kwa maneno makali, hata akazungumza hadharani juu ya kuwatoza abiria fedha za kutumia choo ndani ya ndege. Choo hakikutozwa kamwe. Mwaka 2013, biashara ilipotetereka kidogo, yeye mwenyewe aliwaambia wenye hisa kwamba kampuni iache kuwaudhi watu pasipo sababu, na tangu Februari 2014 abiria wake walianza kupewa viti maalumu badala ya kukimbizana mlangoni. Nauli hazikupaa kwa sababu ya adabu hiyo, na abiria waliongezeka. Kwa upande mwingine Southwest, ambayo kwa miaka na miaka ilijivunia kubeba mabegi mawili ya kila abiria bure, mwezi wa Mei 2025 ilianza kuyatoza. Wateja wake wa zamani waliumia kuliko kama isingaliwahi kuahidi. Bei ile ile ya begi ambayo abiria wa kampuni nyingine huilipa bila kusema neno, kwao ilikuwa kama talaka.

Tazamio, msomaji, ni sehemu ya bidhaa. Ndiyo maana nilikuomba ulitazame lile neno "kuanzia". Tangazo lisemalo "kuanzia 2,850" halisemi uongo, lakini limeandikwa ili jicho lione tarakimu na liruke neno. Ukinunua tikiti siku moja, na wengi wenu mtanunua, ama yenu ama ya wazazi wenu, jumlisha nauli, begi, kiti na gari la kukufikisha kiwanjani, ndipo ulinganishe na basi au garimoshi. Uliza uzito wa mzigo kabla ya kulipa. Ikiwa unamnunulia bibi yako, mpigie simu umwulize atabeba nini, usimwambie "njoo tu". Ikiwa una ndege nyingine ya kupanda mbele ya safari, acha usiku mzima katikati, si saa tano. Na safari ikifutwa, omba karatasi.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani hufanya kazi katika kaunta ya kampuni mojawapo. Tulikutana mjini wakati wa likizo tukanywa chai. Nilimweleza habari ya ule usiku wa magharibi, bila kumtajia kampuni, naye akasema hakuhitaji kutajiwa, kwa maana kila kampuni ina usiku kama huo. Aliniambia kwamba siku hizi abiria wengi wanazo simu zinazoonyesha kila ndege ilipo angani, hata mara nyingine yeye hupata habari za kuchelewa kutoka kwa abiria kabla hajazipata kwa wakubwa wake. Wao wamemkataza kusema lolote mpaka tangazo lifike. "Basi, Mwalimu," akasema, "mtu ananionyesha kwenye simu yake kwamba ndege bado iko Mombasa, nami namwambia asubiri kidogo."

Nilimwuliza angesema nini kama angeruhusiwa. Alikoroga chai yake kwa muda. Akasema angewaambia kwamba ndege iko Mombasa.

Kisha alitazama saa, kwa kuwa zamu yake ya siku ya pili ilianza saa kumi alfajiri, akaaga, akakataa kunilipia chai, nami nikakataa anilipie, tukagawana.